Binti yangu anataka kuwa jaji wa shirikisho Marekani: ngazi inaanzia wapi?

Swali: "Mimi ni mama wa Muheza, mstaafu. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka 22, kwa hiyo habari za mahakama si ngeni kwangu. Binti yangu yuko mwaka wa pili wa sheria huko Columbus, Ohio. Juzi kanipigia, anasema anataka kuwa jaji wa shirikisho. Nikamuuliza ataanza na mahakama ipi, maana kwetu mtu huanza hakimu, akapanda, akapanda. Akanijibu huko hakuna kupanda. Nikaona kama ananificha kitu. Naomba unieleze: ngazi yao inaanzia wapi? Mtoto aliyezaliwa Muheza anaruhusiwa? Ni kweli hawastaafu mpaka wafe? Na kama rais ndiye anayewateua, si watakuwa watu wake?"

Jibu: Shikamoo mama, na hongera kwa kusomesha. Binti hakufichi kitu. Amekwambia kweli, ila kwa mkato, kama watoto wa siku hizi wanavyojibu kwenye simu, ndiyo maana limekukaa vibaya. Mimi ni wakili hapa New York, na kabla ya uwakili nilifanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili mahakamani. Majaji hawa nimewaona nikiwa nimesimama pembeni ya mshtakiwa, na sasa nawaona nikiwa nimesimama mbele yao na jalada mkononi.

Kwanza tuelewane majina. Marekani ina mahakama za aina mbili zinazokaa mtaa mmoja bila kuwa ndugu. Kila jimbo lina za kwake, na hizo ndizo zinazobeba mzigo mkubwa: talaka, mirathi, wizi wa dukani, ajali za barabarani. Ohio majaji wa jimbo hupigiwa kura. Msimu wa uchaguzi ukifika binti yako ataona mabango yao yamechomekwa kwenye nyasi za watu kama mabango ya madiwani. Halafu kuna za shirikisho, zinazoshughulika na Katiba, sheria za Bunge la nchi nzima, ugomvi wa watu wa majimbo tofauti wenye fedha nyingi ndani yake, na makosa kama ugaidi au magendo yanayovuka mipaka. Za wilaya ziko 94, za rufani 13, na moja ya juu yenye majaji 9 tangu 1869. Neno "wilaya" lisikupoteze. Hii si mahakama ya wilaya ya Muheza pale. Uzito wake ni kama Mahakama Kuu yetu. Kesi ya mabomu ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam ilianzia na kusikilizwa humo. Nafasi za majaji hawa nchi nzima, ukijumlisha ngazi zote tatu, ni kama 870 tu, kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 330.

Sasa hiyo ngazi. Wewe umeiona kwetu: mtu anaajiriwa hakimu, anahamishwa Handeni, anahamishwa Singida, faili lake linakua, siku moja Tume ya Utumishi wa Mahakama inampendekeza, Rais anamteua Mahakama Kuu. Kwenye shirikisho la Marekani mtu anaweza kulala wakili akaamka jaji wa rufani. Thurgood Marshall hakuwahi kuwa jaji hata siku moja pale Rais John F. Kennedy alipompeleka Mahakama ya Rufani ya mzunguko wa pili, New York, mwaka 1961. Huyu ndiye wakili ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa London, kwenye mazungumzo ya Lancaster House, akiwasaidia wajumbe wa Kenya kuandika rasimu ya haki za raia. Tom Mboya alikuwa na mkono katika kumwita. Baadaye, mwaka 1967, akawa mtu mweusi wa kwanza kwenye Mahakama ya Juu. Faili lake la utumishi halikuwa na uhamisho hata mmoja. Lilikuwa na kesi.

Lakini mtu ambaye ningependa binti yako amsome kwa makini ni mwanamke aliyekuwa chini ya Marshall enzi za uwakili wake. Constance Baker Motley alizaliwa 1921 New Haven, Connecticut, wazazi wake wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis, huko Karibiani. Baba alipika chakula cha wanafunzi wa Yale. Ndani ya Yale familia ile iliingilia mlango wa jikoni. Hela ya chuo haikuwepo. Akiwa msichana alisimama kwenye mkutano wa kituo cha jumuiya akasema bila kupepesa kwa nini watu weusi wa mtaa ule hawakitumii kituo kile: wanaokiendesha wote ni wazungu. Tajiri mmoja aliyechangia ujenzi wake, Clarence Blakeslee, alikuwa amekaa palepale. Badala ya kununa, akamlipia masomo. Nimekuwa nikifikiri mara nyingi juu ya mkutano ule. Wengi wetu tulilelewa kwamba mtoto wa kike akisema mbele ya mfadhili hivyo, nyumbani atakula za mgongo.

Akamaliza sheria Columbia mwaka 1946. Kabla hajamaliza alikuwa ameshaanza kazi kwa Marshall, kwenye mfuko wa utetezi wa NAACP, chama cha kupigania haki za watu weusi, na akakaa humo karibu miaka 20. Kazi yenyewe ilikuwa kwenda kusini, Mississippi, Alabama, Georgia, kwenye miji ambayo hoteli hazikumpokea, kuwashtaki wenye shule na vyuo waliokataa watoto weusi. Kesi ya James Meredith, aliyeingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962 huku askari wamejaa, aliiendesha yeye. Mahakama ya Juu alisimama kutoa hoja mara 10, akashinda 9. Kisha akaingia siasa za New York: seneti ya jimbo mwaka 1964, uongozi wa Manhattan mwaka 1965.

Januari 1966 Rais Lyndon Johnson akapeleka jina lake Seneti awe jaji wa wilaya ya kusini ya New York. Mwenyekiti wa Kamati ya Sheria alikuwa nani? James Eastland, seneta wa Mississippi, jimbo lilelile ambalo mama yule alikuwa amelibwaga mahakamani. Eastland akalikalia jina kwa miezi saba, akimsingizia ukomunisti. Agosti likapita. Motley akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho, mwaka 1982 akawa jaji mkuu wa wilaya hiyo, na alifariki 2005 akiwa bado ni jaji.

Kuna kisa chake kimoja cha mwaka 1975 ambacho mawakili huku wanakijua kwa moyo. Wakili mwanamke aliishtaki kampuni kubwa ya mawakili kwa ubaguzi wa kijinsia, na kesi ikaangukia kwa Motley, maana hugawiwa kwa bahati nasibu. Kampuni ikamwomba ajitoe: wewe ni mwanamke, ni mweusi, umepigania haki maisha yako yote, utapendelea. Jibu lake lilikuwa fupi na kavu. Kila jaji ana jinsia, na kila jaji ana rangi; kama hayo peke yake yanatosha kumtoa mtu kwenye kesi, basi hakuna jaji hata mmoja wa mahakama ile anayeweza kuisikiliza. Akabaki nayo. Ukilitafakari jibu lile utaona limewageuzia waombaji kibao: walichokuwa wakisema ni kwamba mwanamume mzungu hana upande.

Sasa, mama, iangalie njia hiyo uniambie ngazi iko wapi. Haipo. Kilichopo ni kazi iliyofanywa hadharani kwa miaka mingi, mbele ya watu waliokuja kuulizwa "unamfahamu fulani?" siku kiti kilipobaki wazi.

Kiti hubaki wazi kwa njia chache tu: jaji amefariki, amepanda mahakama ya juu zaidi, amejiuzulu, au ameingia kwenye utaratibu wa majaji waandamizi nitakaoueleza mbele. Hapo maseneta wawili wa jimbo husika huanza kutafuta majina, wengine kwa kamati walizoziunda, wengine kwa simu za marafiki, tusidanganyane. Ikulu huchagua. FBI hupita kwa majirani na mabosi wa zamani. Mteuliwa hujaza fomu ya Seneti ambayo ni kitabu kizima: kila hotuba aliyotoa, kila makala aliyoandika, kesi zake kubwa, mapato yake, madeni yake. Chama cha Mawakili cha Marekani kwa desturi kimekuwa kikitoa maoni yake, na kwa kawaida hutaka mtu awe na angalau miaka 12 ya uzoefu. Kwetu Katiba inasema 10. Kisha anahojiwa na Kamati ya Sheria mbele ya kamera, kama wanavyohojiwa majaji wa Kenya na Tume yao, ila huku wanaohoji ni wanasiasa watupu. Mwisho Seneti nzima inapiga kura. Tangu 2013 wingi wa kawaida unatosha kwa mahakama za chini, na ndiyo maana siku hizi majina mengine hupita kwa tofauti ya kura moja.

Ndani ya utaratibu huo kuna kitu hakimo kwenye Katiba wala kwenye sheria: karatasi ya bluu. Kamati hupeleka kikaratasi cha rangi hiyo kwa maseneta wa jimbo la mteuliwa. Wakikirudisha na ndiyo, gari linaondoka. Wasipokirudisha, mara nyingi jina linafia hapo, bila mjadala wala kura. Kwa majaji wa wilaya desturi hii bado ina nguvu. Kwa wa rufani imelegezwa tangu 2018 hivi.

Na hapa niunganishe na swali lako la mtoto wa Muheza. Katiba ya Marekani inataka rais awe mzaliwa wa nchi hiyo. Kwa majaji haisemi neno. Haitaji umri, wala mahali pa kuzaliwa, wala hata shahada ya sheria. Felix Frankfurter alizaliwa Vienna, akafika New York mtoto asiyejua Kiingereza, na mwaka 1939 akakaa Mahakama ya Juu. Na usidhani ni habari za wazungu peke yao. Abdul Kallon alizaliwa Freetown, Sierra Leone. Baada ya kumaliza sheria alikwenda Alabama kuwa msaidizi wa kisheria wa Jaji U. W. Clemon, mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho jimboni humo. Akaingia uwakili Birmingham. Clemon alipoondoka, Rais Obama akamteua Kallon kwenye kiti kilekile cha mzee wake wa kazi, na maseneta wote wawili wa Alabama, wa chama pinzani, wakaafiki. Mwaka 2016 Obama akampendekeza mtu huyohuyo kwenda Mahakama ya Rufani. Safari hii maseneta walewale wakakataa, na jina likakaa kwenye meza mpaka muda wa rais ukaisha. Hakuwa amebadilika chochote. Upepo ndio uliobadilika. Mwaka 2022 akavua joho akarudi uwakili.

Kwa hiyo ndiyo, anaruhusiwa. Uraia auhesabu kuwa sharti hata kama Katiba imenyamaza, kwani hakuna rais atakayepeleka Seneti jina la asiye raia. Na akiteuliwa, sheria itamtaka aishi ndani ya wilaya yake.

Umeuliza kama hawawi watu wa rais. Hili ndilo swali zito, na ukarani wako umelileta. Wanaingia kwa mlango wa siasa, na atakayekwambia vinginevyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Lakini wakishaingia, mlango unafungwa nyuma yao, na rais anabaki nje. Ibara ya Tatu ya Katiba inasema mambo mawili: jaji atakaa kazini maadamu ana mwenendo mwema, na mshahara wake hauwezi kupunguzwa akiwa kazini. Basi. Hakuna mkataba wa kuhuishwa, hakuna uhamisho wa adhabu, hakuna tathmini ya mwaka. Kumwondoa mpaka Baraza la Wawakilishi limshtaki na theluthi mbili ya Seneti imtie hatiani. Tangu nchi ianze wameshtakiwa majaji 15 na kuondolewa 8. Mmoja wao, Alcee Hastings wa Florida, aliondolewa 1989 kwa tuhuma za rushwa. Mwaka 1992 akagombea ubunge, akashinda, akakaa kwenye Bunge lilelile lililomfukuza mpaka alipofariki 2021. Nchi hii ina vituko vyake.

Kuona maana ya ulinzi huo, rudi kwenye kesi za mabomu ya Agosti 7, 1998, yaliyoua watu 224, wengi wao Nairobi, 11 Dar es Salaam. Washtakiwa wanne wa kwanza, akiwemo kijana wa Zanzibar, walisikilizwa mwaka 2001 na Jaji Leonard Sand, New York. Sand aliamua kwamba hata mgeni akihojiwa nje ya Marekani na maafisa wa Marekani, lazima aambiwe haki zake za kunyamaza na kuwa na wakili. Hebu fikiria uamuzi huo ulivyowachoma wapelelezi. Wananchi 12 wa juri wakawatia hatiani wote, lakini hawakukubaliana juu ya adhabu ya kifo iliyoombwa kwa wawili wao, na wote wanne wakapewa kifungo cha maisha.

Miaka tisa baadaye akasimamishwa mahakamani Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania mwingine, baada ya kupitia kwenye mikono ya CIA na gereza la Guantanamo. Jaji alikuwa Lewis Kaplan, aliyeteuliwa na Clinton. Serikali iliyoshtaki ilikuwa ya Obama, chama kimoja. Serikali ilikuwa na shahidi mkubwa kutoka Tanzania, aliyedaiwa kumuuzia mshtakiwa baruti. Kaplan akamzuia asitoe ushahidi. Sababu: serikali ilimjua shahidi huyo kwa maneno ambayo mshtakiwa alilazimishwa kuyatoa. Dunia nzima ilikuwa inatazama, ndugu wa waliokufa wamekaa kwenye viti vya nyuma. Juri ikamkuta Ghailani na hatia katika shtaka moja kati ya zaidi ya 280. Magazeti yakapiga kelele kwamba jaji ameharibu kesi. Januari 2011, Kaplan yuleyule, kwa shtaka lile moja, akampa kifungo cha maisha. Hakuna aliyeweza kumhamisha kabla, na hakuna aliyeweza kumpunguzia mshahara baadaye. Mimi nina ndugu waliokuwa Dar siku ile, na nakiri kwamba uamuzi wa kumzuia shahidi uliniuma. Nimeusoma mara tatu. Sijaona pa kuuvunja.

Kuhusu kustaafu: kweli hawalazimiki. Kwetu jaji wa Mahakama Kuu umri wake ni 60, wa Rufani 65, Kenya 70. Huku hakuna ukomo. Ila kuna hesabu inayowavuta: jaji akifika 65 na ana miaka 15 ya utumishi, anaweza kuondoka na mshahara wake wote kwa maisha yake yote, au akawa jaji mwandamizi. Mwandamizi huendelea na kazi kwa kiasi anachokiweza, na kiti chake huhesabiwa kuwa wazi ili mwingine ateuliwe. Ndiyo maana utasikia jaji fulani ana miaka 85 na bado anasikiliza kesi. Wesley Brown wa Kansas aliteuliwa na Kennedy mwaka 1962 na alifariki Januari 2012 akiwa na miaka 104, bado ana kesi mezani. Siku za mwisho alikuwa akipanda kitini na mrija wa oksijeni puani. Wengine humsifu. Mimi naona mtu wa miaka 104 ni mzee mno kuamua nani afungwe jela, lakini mimi si Bunge.

Mshahara nao auone mapema, asije akashtuka. Mwaka 2024 jaji wa wilaya alilipwa dola 243,300 kwa mwaka, wa rufani 257,900. Kwa shilingi zetu ni fedha za kutisha. Lakini mwaka huohuo kampuni kubwa za mawakili hapa New York zilimwanzishia kijana aliyetoka chuoni jana dola 225,000, bila bonasi. Maana yake jaji aliyebobea anazidi mtoto wa miaka 26 kwa hela ya gari lililotumika. Atakayeifuata kazi hii kwa fedha amepotea njia. Na hatari ipo. Mwaka 2020, New Jersey, wakili mwenye kinyongo alijifanya mleta vifurushi akafika nyumbani kwa Jaji Esther Salas, akampiga risasi mwanawe wa pekee akafa, na mumewe akajeruhiwa. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria, kwa jina la kijana yule, ya kuwawezesha majaji kuondoa anwani zao kwenye intaneti.

Haya yote ni ya nje. Kazi yenyewe ikoje? Nikupe siku moja ya ukalimani ambayo sijaisahau. Mshtakiwa alikuwa kijana wa pwani ya kwetu, kesi ya kadi za benki, amekuja kukiri kosa. Kabla jaji hajapokea ukiri huuliza maswali marefu. Umesoma hadi wapi? Umetumia dawa yoyote au pombe kwa saa 24 zilizopita? Kijana akajibu, "Nimekunywa chai tu mheshimiwa, na mkate." Nikatafsiri, na nikamwona karani anainamisha kichwa kuficha kicheko, wewe karani unaelewa. Wakafika kwenye haki ya juri. Jaji akaeleza kwamba akikiri anaiacha haki ya kusikilizwa na wananchi 12. Kwa haraka zangu nikasema "baraza la watu kumi na wawili." Kijana akatikisa kichwa kukubali.

Majaji wengi wangepita. Mzee yule akasema: asitikise kichwa, aniambie kwa maneno yake ameelewa nini. Kijana akasema, "Wazee kumi na wawili watakaa na sisi watusuluhishe." Nilipolitafsiri hilo kwa Kiingereza nilitamani sakafu inimeze, maana kosa lilikuwa langu. Nimemwambia mtoto wa pwani "baraza", angeelewa nini kingine? Jaji akavua miwani, akaweka kalamu chini, akaanza upya. Si wazee. Watu wa mitaani, hawakujui, hawakusuluhishi. Watasikia ushahidi, na wote 12 lazima wakubaliane, mmoja akikataa huwezi kutiwa hatiani. Umeelewa? Kijana akakaa kimya, kisha akauliza, "Hata mmoja?" Hata mmoja. Akaomba dakika tano na wakili wake. Alirudi akakiri vilevile, lakini sasa alijua anachokiacha. Zilikwenda kama dakika 20, kwa neno moja, na nje kulikuwa na washtakiwa wengine watatu wanasubiri na pingu zao. Hakuna bosi wa kumuuliza jaji kwa nini amechelewa. Angeharakisha pia, hakuna bosi wa kumuuliza kwa nini ameharakisha. Kiapo chao, kilichoandikwa 1789, kinawataka watende haki bila kumtazama mtu usoni, na wampe haki sawa maskini na tajiri. Siku ile nilikisikia kwenye dakika 20 zile.

Sasa la kumwambia binti. Kwanza asichanganye majina. Huku utasikia "jaji wa uhamiaji", na ndugu zetu wengi wamesimama mbele yake kwa mambo ya hifadhi. Yule ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria. Bosi anaye, na hana ulinzi wa Ibara ya Tatu. Ndani ya mahakama za shirikisho zenyewe kuna mahakimu wanaochaguliwa na majaji wa wilaya kwa kipindi cha miaka 8, na majaji wa kufilisika wanaochaguliwa na mahakama ya rufani kwa miaka 14. Hizo hazina rais wala seneta ndani yake, ni kazi za heshima, na kwa mtoto wa mhamiaji asiye na mjomba Washington ndizo milango iliyo karibu zaidi.

Pili, ukitaka kabisa ngazi, kipande kimoja kipo: ule usaidizi wa kisheria alioufanya Kallon. Wanauita ukarani, lakini si ukarani wako wa kupanga majalada. Ni kijana aliyemaliza chuo anayekaa mwaka mmoja au miwili kwenye chemba ya jaji, anamsomea hoja, anamwandikia rasimu za hukumu, anabishana naye mlango ukiwa umefungwa. Maombi huanza kuandaliwa kuelekea mwisho wa mwaka wa pili, yaani sasa. Kama hajawa raia, aulize mapema masharti ya malipo, maana yanabana wageni. Asitazame majaji maarufu tu. Jaji mwandamizi wa mji mdogo anaweza kuwa mwalimu mzuri kuliko wote. Baada ya hapo aende mahali atakaposimama mahakamani mwenyewe na kuhoji mashahidi, awe upande wa mashtaka au wa utetezi wa umma. Ketanji Brown Jackson alitokea utetezi wa umma, akawa jaji wa wilaya 2013, wa rufani 2021, wa Mahakama ya Juu 2022. Huyo walau ngazi yake ungeitambua.

Columbus iko kwenye wilaya ya kusini ya Ohio, na mahakama ya shirikisho iko katikati ya mji, kando ya mto Scioto. Milango iko wazi kwa umma. Aende asubuhi moja isiyo na kipindi, apite kwenye mashine ya ukaguzi, aulize karani ni chumba gani leo kuna hukumu ya adhabu, akae benchi la nyuma. Hakuna atakayemuuliza amefuata nini. Amtazame jaji wakati mama wa mshtakiwa anaongea. Akitoka akupigie simu, na safari hii mwambie asikujibu kwa mkato.